Karatasi Tatu za Baba Mdogo

Karatasi ya kwanza niliichapa mwenyewe, na ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu hata ukiikagua leo huoni kosa.

Ilikuwa Juni 2017, wakati Ipagala yetu ilikuwa haijajua kama ni kijiji au ni mji. Serikali ilikuwa imeanza kuhamia Dodoma, kila kiwanja kina rundo la matofali, malori ya mchanga yanapita usiku na mchana. Zahanati niliyofanyia kazi ilikuwa nyumba ya kupanga: sebule ndiyo mapokezi, na lililokuwa jiko ndiyo maabara, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na sinki. Baba mdogo aliingia saa moja na nusu asubuhi, koti la suti juu ya sweta, akiukimbia ule upepo wa Dodoma unaotafuta matundu ya vifungo. Mkononi alishika mfuko wa karanga.

"Mbukwa, mwanangu."

Nikaitikia, nikampokea karanga, nikampa kiti. Hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa na ekari zake za zabibu upande wa Mpunguzi, umri miaka 58, mwembamba kama bua la mtama. Kilichomleta ni msiba. Mdogo wake wa kufuatana, ambaye naye nilimwita baba mdogo, alianguka huko Kilosa akiwa anafunga kamba za viatu, hakuamka. Matangani watu wakasema ni moyo. Basi naye akaona aje kupima wa kwake.

"Wanasema mna kipimo cha mafuta."

"Tunacho, baba."

"Nipime basi. Nijue."

Nilimfunga mpira juu ya kiwiko, nikapata mshipa mara ya kwanza. Wakulima wana mishipa ya kumfurahisha mtoa damu. Tulipokuwa tunasubiri chupa ijae akanisimulia safari ya Kilosa, mbu wa Kilosa, na malaria aliyorudi nayo. Dawa mseto alikuwa amezimaliza Alhamisi iliyopita. Nikasema pole. Nikabandika lebo kwenye chupa.

Saa tatu na nusu majibu yakatoka. Lehemu yote 3.6, trigliseridi 2.0, HDL 0.7, LDL 2.0, zote kwa milimoli kwa lita. Namba aliyokuwa anaitaka ni ya lehemu, na 3.6 ni namba ambayo wafanyakazi wengi wa ofisini wangeililia. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Baba, huu moyo ni wa kuruta wa jeshi." Akacheka, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Niseme kwanza kipimo chenyewe kinavyofanyika, maana kukosea kwangu hakueleweki bila hilo.

Damu ya chupa yenye kifuniko chekundu unaiacha nusu saa igande, kisha unaizungusha kwenye sentrifuji kwa dakika kumi. Ikitoka, chini kuna donge jekundu, juu yake maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Hayo maji ndiyo seramu. Mashine yetu ilikuwa ile ya kunyonya sampuli mojamoja kwa mrija. Unachukua maikrolita 10 za seramu, tone ambalo halifiki ukubwa wa kichwa cha kiberiti, unalitia kwenye mililita moja ya kitendanishi, unaliacha kwenye nyuzi joto 37. Humo mna vimeng'enya vitatu vinavyopokezana kama vijana wa zege. Cha kwanza kinaibandua lehemu kwenye asidi ya mafuta iliyoshikamana nayo. Cha pili kinaiunganisha na oksijeni hadi izae haidrojeni peroksaidi. Cha tatu kinaichukua hiyo peroksaidi na kutengeneza rangi. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka waridi, na kadiri lehemu inavyozidi ndivyo waridi linavyokolea kuelekea juisi ya rozela. Mashine haifanyi muujiza wowote. Inapitisha mwanga na kupima ni kiasi gani kimemezwa njiani.

Ndiyo maana mtu wa maabara hapa kwetu analala akiwaza maji na umeme. Maji ya visima vya Mzakwe yana chumvichumvi inayoacha ukoko mweupe kwenye kila birika la mji huu, hivyo kitu chochote kinachogusa kitendanishi tunakiosha kwa maji yaliyotoneshwa. Umeme nao ukikatika Ijumaa usiku na zahanati imefungwa hadi Jumatatu, friji inageuka kabati. Nimewahi kufungua chupa ya kitendanishi Jumatatu nikakuta tayari ina waridi jepesi, hata kabla haijaona damu ya mtu. Ukiitumia hiyo, kila mgonjwa anapimwa juu ya rangi ambayo si yake. Tuliimwaga. Mwenye zahanati alinuna wiki nzima.

Neno lenyewe, lehemu, nalipenda kuliko kolesteroli. Fundi redio wa pale sokoni anayo lehemu yake, ule uzi wa risasi na bati anaouyeyusha kwa pasi ya umeme ili waya ushike. Sijui nani aliyelichukua neno la fundi redio akalipa daktari, lakini alikuwa na jicho. Lehemu ya mwilini nayo kazi yake ya kwanza ni kuunga: iko kwenye ukuta wa kila seli, na kutokana nayo mwili unatengeneza baadhi ya homoni, vitamini D na nyongo. Hakuna aliye hai bila lehemu. Na kama ile ya fundi, ikidondokea pasipo pake inaharibu saketi nzima.

Tatizo lake ni kwamba haichangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ini linaipakia kwenye vyombo, na vyombo hivyo ndivyo lipoprotini: ngozi ya protini na mafuta mepesi kwa nje, mzigo ndani. Ukikaa pale Nanenane, barabara kuu ya Dar es Salaam, utaielewa lipoprotini haraka kuliko kwa kitabu. Kuna malori yaliyojaa mafuta ya trigliseridi yanayotoka kwenye ini. Yakishusha mzigo njiani yanabaki madogo, yamebeba lehemu tupu, hayo ndiyo LDL. Kuna na magari madogo, HDL, yanayookota mabaki na kuyarudisha. LDL zikiwa nyingi barabarani kwa miaka, baadhi hupenya ukuta wa mshipa na kukwama humo, mwili unatuma askari wa kuzisafisha, askari wanajishindilia mafuta hadi wanafia humohumo, na uvimbe unaanza. Mshtuko wa moyo ni siku ambayo uvimbe huo umepasuka na damu imegandia juu yake. Huenda safari hiyo imechukua miaka 30.

Wanaosema "lehemu nzuri" na "lehemu mbaya" wananikera kidogo. Lehemu ni ileile, tofauti ni gari. Na hata hilo gari zuri limewaaibisha wakubwa: mwaka 2006 jaribio la dawa iitwayo torcetrapib, iliyopandisha HDL vizuri kabisa, lilisimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikuwa wanakufa zaidi ya wasioimeza. Siku hizi wataalamu wengi wanasema ukitaka kujua hatari, usipime mzigo, hesabu malori. Kila LDL ina molekuli moja tu ya apolipoprotini B, kama kila lori lilivyo na namba yake ya usajili, hivyo ukipima hiyo protini umehesabu malori yenyewe. Zahanati ya chumba cha jiko haikuwa na kipimo hicho. Haikuwa hata na kipimo cha LDL. LDL tulikuwa tunaikokotoa.

Nalisema hili kwa sababu wagonjwa wengi hawalijui. Ile namba wanayoiogopa kuliko zote, katika maabara nyingi ndogo haipimwi na mashine. Inatoka kwenye kanuni iliyoandikwa mwaka 1972 na William Friedewald, Robert Levy na Donald Fredrickson wa Marekani, kwa damu ya watu 448: chukua lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Wenyewe waliweka sharti kwamba trigliseridi ikizidi kama 4.5, kanuni isitumike.

Sharti hilo nilifundishwa na dereva mmoja wa lori, mwaka mmoja kabla ya baba mdogo. Alikuwa kijana wa miaka 34, kitambi cha usukani, analalamika kiu na tumbo la juu. Damu yake ilipotoka kwenye sentrifuji nilidhani nimekosea chupa. Badala ya rangi ya alizeti nikaona maziwa. Si ukungu, maziwa, ukiweka kalamu nyuma ya chupa huioni. Nikapima hivyohivyo. Lehemu yote 7.0, HDL 0.8, trigliseridi 18. Programu ya kompyuta ikakokotoa kama ilivyoagizwa, ikachapa: LDL -2.0.

Hasi mbili. Mtu anadaiwa lehemu. Nilicheka peke yangu mle jikoni, halafu nikaogopa, kwa sababu kama namba hiyo ilichapika, ni ngapi nyingine za uongo zilizochapika zikiwa chanya?

Fundi mkuu wangu wa zamani alinielekeza kwa simu: usiimwage, iweke kwenye friji, ulale. Asubuhi nilipoitoa, juu palikuwa na utando mzito mweupe, malai kabisa, kama ya maziwa yaliyokesha kwenye kibuyu. Yalikuwa ni mafuta ya chakula, makubwa na mepesi, yaliyoelea. Chini yake maji bado yalikuwa na ukungu, maana yake na malori ya ini nayo yalikuwa mengi. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nimeona bibi akiengua malai maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri ningeiona kazi hiyo kwenye damu ya mtu. Yule kijana alikutwa na kisukari kisichotibiwa, na bia juu yake. Kwa trigliseridi ya kiwango kile hofu ya haraka si moyo, ni kongosho kuvimba. Akapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na baadaye alikuwa akinipigia honi anapopita.

Nikawa na jina. "Yule dada wa maabara aliyeona maziwa." Nami nikajiona nimekomaa: namba ya ajabu hainipiti. Na kweli, namba ya ajabu hainipiti hadi leo. Inajitangaza yenyewe. Iliyonipita ni ya kawaida.

Kwa sababu iangalie tena karatasi ya baba mdogo. Lehemu ya chini, HDL ya chini mno, trigliseridi iliyopanda. Huo ni mchoro wa mtu aliyetoka kwenye homa. Malaria inaivuruga damu ya mafuta namna hiyohiyo: inashusha lehemu yote, inaporomosha HDL, inainua trigliseridi, na mambo huchukua wiki kadhaa kurudi mahali pake. Maambukizi mengine makali hufanya hivyo pia. Alinitajia malaria kwa mdomo wake mwenyewe, sindano yangu ikiwa mkononi mwake, nami nikasema pole kama mtu wa msibani badala ya kusema rudi baada ya miezi miwili kama mtu wa maabara.

Mbaya zaidi, wakati huo tulikuwa wakali kwa mambo yasiyostahili ukali. Mtu aliyekunywa chai ya maziwa tulimrudisha nyumbani. Kuna mama mmoja alitembea kutoka Swaswa amefunga, akasema alionja uji wa mtoto, nikamrudisha. Akaja tena, umeme hakuna. Mara ya tatu hakuja. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikuwa wameshatoa tamko la pamoja kwamba kwa wagonjwa wengi kufunga si lazima, kwani chakula cha kawaida kinaisogeza lehemu kidogo tu. Trigliseridi ndiyo inayopanda, na ikipanda sana ndipo mtu arudie akiwa amefunga. Tamko hilo halikuwa limefika kwenye jiko letu. Nilimfukuza mama wa uji na nikampokea mzee wa malaria.

Lakini hata bila malaria ningemwambia vilevile, nadhani. Nilikuwa nimeshamhukumu alipoingia mlangoni. Mkulima, mwembamba, ugali wa uwele na mlenda, kilomita kadhaa kwa mguu kila siku. Moyo, kwa fikra zetu, ulikuwa ugonjwa wa waliohamia na serikali: viyoyozi, nyama choma ya Ijumaa, chipsi mayai.

Fikra hiyo haikuota hewani. Mapema miaka ya 1960 daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika kupima Wamaasai, watu ambao chakula chao kilikuwa maziwa na nyama kiasi cha kumtia Mmarekani kaburini. Mwaka 1964 akachapisha habari za wanaume 400: lehemu yao ilikuwa ya chini, na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hakuna. Wengi tuliishia hapo, tukaenda kuringa. Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alieleza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwishafariki, na ndani ya mishipa yao ule uvimbe wa mafuta ulikuwepo, kwa wazee ulikuwa mwingi tu. Kilichowaokoa, kwa maoni yake, ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na alidhani ni kwa sababu ya kutembea kwao. Yaani mtu anaweza kuwa na ugonjwa ndani na nafasi ya kupumulia juu yake. Mpe huyohuyo sigara na presha, uone hiyo nafasi itadumu siku ngapi.

Na kuna habari za utafiti wa Lugalawa, ambazo nazipenda kwa sababu ni za kwetu na zina ziwa. Watafiti wa Kiitalia, na Pauletto akiwa wa kwanza kwenye orodha ya waandishi, walilinganisha wavuvi wa mwambao wa Ziwa Nyasa huko Ludewa, wanaokula samaki kila siku, na ndugu zao wa milimani wanaokula mboga na nafaka. Mwaka 1996 wakachapisha: wavuvi walikuwa na presha ya chini, lehemu ya chini, trigliseridi ya chini, na hata ile lipoprotini iitwayo Lp(a) ilikuwa chini. Hiyo Lp(a), aliyoigundua Kåre Berg wa Norway mwaka 1963, ni LDL iliyofungwa mkia wa protini. Mtu anazaliwa nayo, chakula kwa kawaida hakiigusi, na sisi Waafrika weusi huwa nayo nyingi kuliko Wazungu. Wavuvi wa Nyasa ni miongoni mwa watu wachache ambao sahani ilionekana kuigusa. Lakini mla mboga wa milimani hakuwa salama kwa kuwa mla mboga tu. Ningelisoma hilo mapema, nisingeusujudia mlenda namna ile.

Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuwa umeshaonyesha kwamba robo hivi ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana lehemu iliyofika 5.0 au kuzidi. Robo. Hao wote hawakuhamia na serikali.

Februari 2018, msimu wa kuvuna zabibu, baba mdogo alishikwa na moto kifuani akiwa shambani. Akasema ni vidonda vya tumbo. Akatafuna magnesiamu, akanywa maziwa, akalala chini ya mti, jioni akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, akasema ni makreti. Siku ya pili alitapika na kutoka jasho kwenye baridi ya alfajiri, ndipo mkewe akaita gari. Kipimo cha umeme wa moyo kilisema kwa dakika chache kile ambacho karatasi yangu haikusema.

Alipona. Nalisema mapema kwa sababu sitaki msomaji amlilie bure.

Karatasi ya pili ni ya hospitalini, ya siku ya tatu. Binamu yangu alinipigia saa nne usiku, sauti imekauka: "Dada, mafuta yamefika mia moja sitini na tatu! Kwako yalikuwa tatu!" Nyuma yake nilimsikia shangazi akisema huu si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu amemtupia kitu, kwa maana mwili gani unatoka tatu unafika mia kwa miezi minane?

Nikamwambia asome maneno madogo pembeni. Akasoma kwa taabu: miligramu kwa desilita. Kwetu ni milimoli kwa lita. Gawanya kwa 38.67. Mia moja sitini na tatu ni 4.2. Tulikuwa hatuzungumzii mlima. Tulikuwa tunazungumzia hatua moja ya ngazi. Nimeona familia zikigombana kwa sababu ya vipimio hivi viwili, nimeona na mtu akiacha dawa kwa kushangilia kwamba ameshuka kutoka 190 hadi 4.9, ambayo ni namba ileile. Trigliseridi nayo ina mgawanyo wake, kama 88.6, ili mambo yasiwe rahisi.

Nilipokata simu ndipo nikaanza kutetemeka. Hata hiyo 4.2 haikuwa yake. Baada ya mshtuko wa moyo lehemu hushuka. Ukitaka iliyo karibu na ukweli, toa damu ndani ya siku ya kwanza, vinginevyo subiri wiki nyingi. Kwa hiyo huyu mzee alikuwa amepimwa mara mbili katika maisha yake, mara moja akitoka kwenye malaria, mara moja moyo ukiwa umejeruhiwa, na mara zote mbili damu yake ilitoa jibu la uongo lenye kufariji. Daktari wake hakufarijika. Mtu aliyepata mshtuko hupewa dawa ya kushusha lehemu bila kujali karatasi inasema nini.

Nilikwenda kumwona. Daktari, kijana kuliko mimi, aliniuliza nilipompima nilimkuta na presha gani. Sikumpima presha. Anavuta? Nikamwangalia baba mdogo, akaangalia dirisha. Alikuwa anavuta sigara tangu JKT. Sukari? Sikupima. Kwenye ukoo? Hapo sauti ilinikatika, maana jibu ndilo lililomleta kwangu siku ile na mfuko wa karanga. Presha yake hospitalini ilikuwa 168 kwa 102.

Mwaka uliofuata, 2019, Shirika la Afya Duniani likatoa chati mpya za hatari ya moyo, kila ukanda na yake, na yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo. Unatafuta jinsia, umri, sigara, presha, kisukari, lehemu, na pale mistari inapokutana pana rangi. Ipo na chati isiyohitaji maabara kabisa, inatumia uzito na urefu badala ya damu, jambo ambalo lilinishusha mabega kama mteknolojia. Usiku mmoja nilimweka baba mdogo wa Juni 2017 kwenye ile chati. Nilitumia presha ya hospitalini na 3.6 yangu, ile ya uongo, safu ya lehemu ya chini kabisa. Hata huko hakuwa kwenye kijani.

Karatasi ya tatu ni ya Agosti 2018, wiki ya Nanenane, vumbi la Nzuguni likiingia hadi kwenye vichupa. Miezi sita tangu mshtuko. Sasa nilikuwa na daftari la maswali kando ya sindano: homa lini, dawa gani, ujauzito, mgonjwa amekaa au amelala, kwa sababu hata kulala chali kunaipunguza lehemu, na mpira uliokazwa muda mrefu mkononi unaiongeza. Baba mdogo hakuwa na homa. Alikuwa amekaa robo saa. Mpira niliulegeza mara damu ilipoanza kutoka. Kidhibiti cha asubuhi, ile sampuli ya kuijaribu mashine, kilikaa katikati ya mstari. Kama kuna damu niliyowahi kuipima kwa adabu, ni hiyo.

Lehemu yote 6.3. HDL 1.0. Trigliseridi 1.8. LDL 4.5.

Nilirudia. Ikaja 6.2. Hii ndiyo ilikuwa damu yake, ile ambayo huenda alikuwa nayo siku zote akitembea nayo kati ya mizabibu. Lakini isingepaswa kuonekana. Mtu anayemeza atorvastatini kila usiku kwa kiasi alichoandikiwa, LDL yake hukatika karibu nusu. Mashine ilikuwa sahihi, kitendanishi kizima, sampuli safi. Kilichobaki ni mtu.

Nilitoka na karatasi nikaketi karibu naye kwenye benchi la veranda, si ng'ambo ya meza.

"Baba, vile vidonge vya usiku unameza?"

Akaangalia barabarani. Lori la kokoto lilikuwa linarudi nyuma, linalia.

"Mama yako mdogo amekwambia?"

"Hajanambia kitu. Nimeona hapa."

Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, kama vile jina lake lingekuwa limeandikwa humo pamoja na siri. Akakaa nayo muda mrefu.

"Nilivimeza wiki tatu," akasema. "Asubuhi naamka mzima, nalima, nakula. Usiku ukifika navikuta mezani, vinaniambia mimi ni mgonjwa. Nikaona nivipumzishe."

"Na sigara?"

"Sigara niliacha. Hiyo niliacha kweli."

Nikasema vizuri, baba. Nikaingia ndani kuchukua mashine ya presha.